Mwalimu na Kadhi wa Kordoba

Wakongo walimwita Prof. Wakenya walimwita Mzee. Walimu wenzake Waswidi walimwita kwa jina lake la kwanza, kama wanavyoitana wao wote, mkubwa kwa mdogo. Sisi Warundi tuliokulia kambini Tanzania tulimwita Mwalimu, na tukikutana naye tulimwamkia shikamoo. Kwao Bukavu hawana salamu hiyo. Mwanzoni aliipokea kwa kushangaa, kama mtu aliyevishwa koti la mwenziwe, kisha akajifunza kuitikia marahaba, na mwishowe akawa anaidai. Ukimpita bila kumwamkia alisimama palepale njiani, mkoba begani, akakutazama mpaka ukumbuke.

Nilimfahamu kupitia binti yangu Neema. Uswidi mtoto ana haki ya kufundishwa lugha ya nyumbani kwao, na Mwalimu alikuwa akizunguka shule za Stockholm kufundisha Kiswahili: leo Akalla kwetu, kesho Sundbyberg, keshokutwa Fisksätra alikokuwa anaishi, ng'ambo kabisa ya mji. Masomo yalikuwa jioni, watoto wameshachoka, katika chumba chochote ambacho shule haikukihitaji saa hiyo. Siku niliyomwona kwa mara ya kwanza alikuwa amepewa chumba cha ushonaji. Alisimama kati ya vyerehani, na ubaoni ameandika maneno matatu: viazi, birayi, waru. Mtoto wa Kikenya alikuwa anabisha kwamba waru ndilo neno la kweli. Mtoto wa Kikongo anaapa kwa birayi. Neema wangu, bila kuinua kichwa, akasema potatis. Mwalimu akaandika na potatis.

Kipindi kilipoisha nilimfuata. "Shikamoo Mwalimu. Sasa katika hayo yote, neno sahihi ni lipi?"

"Mama, kila neno pale limebebwa na mama wa mtu mpaka hapa," akasema. "Nimfukuze mama wa nani?"

Nikamweleza kwa aibu kwamba Neema anasikia Kiswahili lakini ananijibu Kiswidi, kila siku, hata nikimgombeza. Nilitegemea anilaumu. Yeye akafurahi.

"Anakujibu! Basi amesikia. Kadhi aliandika Kiarabu na akajibiwa Kilatini. Ulisikia amelalamika?"

Nilidhani ni kadhi wa msikiti fulani hapa mjini. Nikaitikia kwa adabu, nikaenda zangu. Ilichukua muda kujua kwamba huyo Kadhi alikuwa ameshakufa zamani sana, na kwamba Mwalimu alikuwa akimtaja hivyo kila mahali, dukani, kwenye treni, kanisani, kama unavyomtaja jirani mliyepishana naye ngazini asubuhi.

Kadhi mwenyewe aliishi karne ya kumi na mbili huko Kordoba, katika nchi ya Andalusia, ambayo leo ni Uhispania na wakati huo ilitawaliwa na Waislamu. Alikuwa hakimu, mtoto wa hakimu na mjukuu wa hakimu. Alikuwa tabibu wa Sultani. Na zaidi ya hayo alikuwa mwanafalsafa: alivichukua vitabu vya yule Mgiriki wa kale ambaye wengi walimtaja na wachache walimwelewa, akavifafanua kimoja baada ya kingine, mara kwa ufupi, mara neno kwa neno. Wakristo wa Ulaya walipoanza kusoma kazi zake kwa Kilatini walimwita Mfafanuzi tu, basi, kwa kuwa hakuna aliyeuliza ni mfafanuzi yupi. Jina lake kamili limo vitabuni. Mwalimu hakulitumia, na mimi nikilitumia hapa nitajihisi namzungumzia mtu mwingine.

Lililowashangaza watu ni kwamba Mwalimu alikuwa Mkatoliki, tena Mkatoliki wa kupiga goti na kuwasha mshumaa. Ujanani alisomea upadre. Huko seminari, mapadre waliwafundisha wanafunzi makosa ya yule Mwislamu wa Kordoba ili wajue namna ya kuyajibu.

"Nilimjua kwanza kama mtu aliyeshindwa," alituambia. "Kila ukurasa anashindwa. Nikajiuliza, mtu huyu anashindwa miaka yote hii na bado wanaendelea kupigana naye? Nikataka kumsikia mwenyewe."

Upadre aliuacha baadaye kwa sababu ya mwanamke, aliyekuja kuwa mama wa binti yake Furaha, na ambaye kaburi lake liko Uvira. Kadhi hakumwacha. Alimsoma kwa Kifaransa, kwa sababu Kiarabu hakukijua, na jambo hilo lilimsumbua. Lakini pia alipenda kutuambia kwamba baadhi ya vitabu vya Kadhi kwa Kiarabu vimepotea kabisa, na leo vinasomeka kwa sababu Wayahudi walivitia katika Kiebrania na Wakristo katika Kilatini. Akifika hapo sauti yake ilishuka. Watu wa nyumba yake walivichoma, alisema, na majirani wakavificha.

Waswidi wana desturi nzuri ya watu kukutana kusoma jambo moja pamoja, bila mtihani wala cheti. Mwalimu akaanzisha kikundi cha namna hiyo Akalla, Jumamosi mchana, katika chumba cha wapangaji chini ya ghorofa letu, ukuta mmoja na mashine za kufulia. Tulikuja na chupa za chai na mandazi. Tulikuwa Wakongo, Warundi, Wanyarwanda wachache, Mkenya mmoja aliyekuja akiwa na muda. Karibu wote Wakristo. Akifundisha, Mwalimu aliongea Kiswahili sanifu, kila neno limepigwa pasi. Akifurahi sana au akiumia, alirudi kwenye Kiswahili cha Bukavu, na hapo ndipo tulipojua kwamba sasa anasema kweli.

Siku moja alitusimulia jinsi Kadhi, kabla ya kuwa mtu maarufu, alivyopelekwa mbele ya Sultani. Rafiki yake mzee, aliyekuwa tabibu wa ikulu, alimshika mkono akamwingiza. Sultani akamwuliza jina lake. Akamwuliza jina la baba yake na ukoo wake. Halafu, bila kubadilisha sauti, akamwuliza: wanafalsafa wanasemaje juu ya mbingu, ziliumbwa au zimekuwapo siku zote? Lilikuwa swali la kumpoteza mtu. Jibu moja linakuweka nje ya dini, la pili linakuweka nje ya falsafa. Kadhi akaingiwa na hofu. Akasema yeye hajui kitu, hajawahi kujishughulisha na mambo hayo.

"Ilikuwa intervjuu!" akapiga kelele jirani yangu Mnyarwanda.

Chumba kizima kiliangua kicheko. Kila mmoja wetu aliwahi kukaa kwenye kile kiti cha ofisi ya wahamiaji: jina lako, jina la baba yako, halafu ghafla lile swali ambalo maisha yako yote yananing'inia juu yake. Mtu mwingine akauliza kama Kadhi alipewa mkalimani. Mwalimu alikasirika kidogo, hakupenda Kadhi achekwe. Akangoja tunyamaze, akamalizia: Sultani aliona hofu ile, akamgeukia yule tabibu mzee, akaanza kuongea falsafa yeye mwenyewe, kwa ufasaha, mpaka Kadhi akatambua kwamba yuko mbele ya mtu anayejua. Ndipo akafungua kinywa.

"Afisa wangu mimi hakuanza yeye," Mwalimu akasema, akikunja miwani yake. Tukamwongezea chai.

Aliyempinga zaidi pale alikuwa Pasta mmoja wa Kikongo, mtu mwema mwenye sauti ya kujaza ukumbi, aliyekuja kila Jumamosi ili ahakikishe hatupotei. Siku ya pili tu alisimama. "Prof, nielewe. Sisi ni Wakristo. Unatufundisha maneno ya Mwislamu, na huyo Mwislamu amejifunza kwa mpagani wa Ugiriki. Tunakwenda wapi?"

Mwalimu alimjibu kwamba Kadhi aliulizwa hivyohivyo na watu wa dini yake mwenyewe, na jibu lake lilihusu kisu. Ukitaka kuchinja kwa utaratibu wa dini, unaangalia kama kisu kinafaa. Huulizi aliyekitengeneza anasali wapi. Na hoja nayo ni chombo cha kazi.

"Na kama kisu kinanikata mimi?" Pasta akauliza.

"Basi kishike vizuri," akasema Mwalimu.

Pasta aliketi, akala mandazi mawili, na Jumamosi iliyofuata alikuwa wa kwanza kufika.

Mimi Kadhi alinigusa kwa njia nyingine. Wakati huo nilikuwa msaidizi katika shule ya chekechea, kazi ya kuvisha watoto masuti ya theluji na kuwavua, na kuwavisha tena. Nilitamani kusoma niwe mwalimu kamili, lakini kila mwaka nilikuwa na sababu: watoto wangu kwanza, Kiswidi changu kwanza, mume wangu amalize zamu za usiku kwanza. Nikamwambia Mwalimu sababu hizo tukiwa tunapanga viti baada ya kikundi. Akaniuliza kama najua Kadhi aliandika nini juu ya wanawake. Sikujua. Akanieleza kwamba Kadhi aliutazama mji wake, akaona wanawake wamewekwa nyumbani kwa kuzaa na kulea tu, akaandika kwamba uwezo wao haujulikani kwa sababu haujajaribiwa, na kwamba hiyo ni sababu mojawapo ya umaskini wa miji ile. Aliandika kwamba mwanamke anaweza kuwa mwanafalsafa, anaweza kutawala.

"Mtu wa zama zile, Mama Neema! Wewe unangoja nani akuruhusu?"

"Sijakatazwa na mtu, Mwalimu."

"Njo mbaya zaidi. Ungekatazwa ungekasirika, ungeenda."

Nilikasirika nikaenda. Nilijiandikisha shule ya watu wazima msimu uliofuata. Leo nina darasa langu, na wazazi wakinishukuru huwa nashindwa kuwaeleza kwamba nilisukumwa na hakimu wa Andalusia.

Si kwamba alikuwa malaika. Alihubiri akili na hoja, lakini hangekalia jiwe baridi hata kwa dakika moja, akiamini ugonjwa unaingilia hapo, na ukimwuliza ushahidi anakwambia ni bibi yake. Alimsifu Kadhi kwa utabibu, na yeye mwenyewe kumpeleka hospitali ilikuwa vita. Alisema mtu mwenye hekima hufurahi anapoonyeshwa kosa. Ukimwonyesha kosa, ananuna mpaka treni ifike. Neema, alipokuwa mkubwa kidogo, alimsahihisha mara moja tahajia ya neno la Kiswidi ubaoni, na Mwalimu akafuta ubao wote akasema somo limekwisha. Wiki iliyofuata alimletea chokoleti, bila neno.

Na alimpenda Furaha kupita kiasi. Alimlea peke yake tangu walipofika Uswidi, akajifunza kumsuka nywele, akamsindikiza shule mpaka umri ambao msichana anaona haya. Furaha akasoma, akawa mfamasia. Walikuwa wawili tu katika ile nyumba ya Fisksätra, wakibishana juu ya habari za redioni, yeye kwa Kiswahili, binti kwa Kiswidi, na ukiwa mgeni ulidhani wanagombana.

Kisha wakagombana kweli.

Furaha alinipigia simu siku ya Jumapili. "Mama Neema, njoo tafadhali. Mimi na Papa hatusikilizani tena."

Nilipofika, Mwalimu alikuwa jikoni anaponda sombe, majani ya muhogo, kwenye kinu cha mbao alichokitafuta mwaka mzima. Aliponda kwa nguvu zaidi ya sombe ilivyohitaji.

"Umekuja kunituliza ao kunihukumu?" akaniuliza.

"Nimekuja kunywa chai, Mwalimu."

Furaha aliegemea mlango, mikono ameikunja. "Papa, mweleze Mama Neema kosa la Ramazani."

Ramazani alikuwa fundi umeme, kijana wa Buyenzi, Bujumbura, mtaa wa Waswahili. Yeye na Furaha walikuwa wamefahamiana miaka miwili, na sasa wajomba zake walitaka kuja kujitambulisha kama inavyotakiwa.

"Sijasema iko na kosa," Mwalimu akasema.

"Anakunywa pombe?"

"Hapana."

"Hana kazi? Hana heshima?"

"Iko na kazi. Iko na heshima."

"Basi nini?"

Mwalimu akauweka mchi chini. "Ni Mwislamu," akasema, bila kututazama.

Furaha alimkodolea macho. "Papa. Wewe? Mimi nimekua nikisikia Kadhi asubuhi, Kadhi jioni. Nilikuwa mtoto, nilidhani ni babu yangu. Kadhi wako angekuja leo kuniposa, ungemkatalia?"

Treni ndogo ya Saltsjöbanan ilipita chini ya dirisha, vyombo vikatikisika kidogo kabatini. Mwalimu akangoja ipite.

"Kadhi alishakufa," akasema. "Mufu ni rahisi kumupenda. Hataleta ndugu zake ku meza yangu. Hatachukua bajukuu yangu."

Furaha akamjibu kwa Kiswidi, kwa sauti ndogo, kwamba kama ni hivyo basi yote aliyomfundisha hayana thamani. Akachukua koti lake. Mwalimu hakumwita. Nilibaki pale na kikombe changu, naye akarudi kwenye kinu, akaponda majani ambayo yalikuwa yameshakuwa uji.

Furaha alihamia Sundbyberg kwa rafiki yake. Wiki zikapita. Mwalimu alifundisha kama kawaida, alivaa tai kama kawaida, lakini alikuwa na tabia mpya ya kunyamaza katikati ya sentensi. Nilijaribu kumgusia. Akaniambia theluji mwaka huo imechelewa.

Katika kikundi tulikuwa tumefika uzee wa Kadhi. Jumamosi ile alitusimulia jinsi maadui walivyomzunguka na Sultani mpya akawasikiliza. Vitabu vyake vya falsafa vikachomwa. Yeye mwenyewe, mzee, akahamishwa akawekwa katika mji mdogo nje ya Kordoba. Baadaye Sultani alijuta, akamwita Marakeshi, ng'ambo ya bahari, akamrudishia heshima, lakini Kadhi hakuishi muda mrefu. Akazikwa huko, kisha mwili ukafukuliwa ukarudishwa kwao juu ya mnyama wa mizigo, mwili upande mmoja, na vitabu vyake upande wa pili ili mzigo usipinde. Haya yote tulikuwa tumeshayasikia, na Mwalimu aliyasimulia vizuri. Kisha akarudi nyuma, kwenye jambo alilokuwa amelisahau.

"Kadhi aliwahi kueleza ni lipi lililomuuma zaidi katika mateso yale," akasema. "Hakutaja vitabu. Alitaja siku alipoingia msikitini Kordoba na mtoto wake, wakati wa alasiri, na watu wa kawaida, majirani, wakawafukuza mpaka nje ya mlango."

"Yeye na mutoto wake," akarudia.

Akavua miwani. Alitafuta kiti kwa mkono, akaketi, jambo ambalo hakuwa akilifanya akifundisha. "Myaka yote nasoma hii habari," akasema, "najiweka ndani ya Kadhi. Ni mimi nafukuzwa. Ni mimi naonewa." Akaifuta miwani kwa tai. "Kumbe mi niko katikati ya bale batu ba ku mulango."

Upande wa pili wa ukuta mashine ya kufulia ilikuwa inazunguka. Wengi hawakuwa wakijua habari za Furaha, lakini walielewa kwamba hapo hatuzungumzii tena Andalusia. Pasta ndiye aliyeinuka.

"Prof, mtoto yuko wapi?"

"Sundbyberg."

"Sundbyberg si Marakeshi. Vaa koti."

"Pasta, wewe mwenyewe hukubali..."

"Sikubali," Pasta akasema, akitafuta funguo mifukoni. "Hiyo ndoa mimi sitaibariki, na nitamwambia mtoto hivyo. Lakini gari ninayo."

Tukaenda watatu. Njia nzima Mwalimu aliandaa hotuba, midomo yake ikicheza. Alipobisha hodi, aliyefungua ni Ramazani, bisibisi mkononi. Alikuwa amekuja kurekebisha taa ya jikoni. Alipomtambua mzee, akaificha bisibisi nyuma ya mgongo kama mtoto.

"Karibu mzee. Karibuni."

Mwalimu akaingia, akakataa kuvua kofia, akaketi ukingoni mwa kochi. Furaha akatokea, akasimama mbali. Tukangoja ile hotuba. Badala yake Mwalimu alimtazama kijana kuanzia miguuni mpaka kichwani, akauliza:

"Unamujua Kadhi wa Kordoba?"

Ramazani akafikiri kwa bidii. Unaona kabisa alitamani kumjua. "Hapana, mzee," akasema. "Ni ndugu yenu?"

"Ni ndugu yako wewe!" Mwalimu akaruka. "Mwislamu mwenzako! Unataka mutoto yangu na haumujue Kadhi?"

Furaha alianza kucheka. Alijaribu kujizuia kwa mkono, akashindwa, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na machozi yakaendelea hata kicheko kilipokwisha. Mwalimu akainuka, akamfuata jikoni kwenye giza la taa iliyoharibika. Sikusikia yote. Nilisikia tu, "Samahani, mama yangu," maana Wakongo humwita binti mama, hasa wanapomwomba kitu kikubwa. Pasta alijifanya anasoma kalenda ukutani.

Wakaoana katika ofisi ya manispaa, shughuli fupi kuliko kununua tiketi. Kisha tukala Fisksätra mpaka sahani zikaisha. Mwalimu alitoa hotuba ndefu mno. Alipofika kwa Kadhi, wajomba wa Ramazani walitazamana, mmoja akaninong'oneza kuuliza kama huyo naye amealikwa.

Baada ya hapo Mwalimu alijitwisha kazi ya kumfundisha mkwewe. Kila Jumapili Ramazani aliketishwa kwenye kochi kusikiliza mambo ya nafsi na akili na mwendo wa nyota. Alikuwa ametoka kupanda ngazi za majengo wiki nzima. Alilala. "Analala!" Mwalimu alinilalamikia kwenye simu. "Ninafika mahali patamu, analala!" Furaha aliniambia sehemu ambayo Mwalimu hakuisema: kwamba huwa anaendelea kufundisha kwa sauti ya chini, huku akimfunika kijana blanketi.

Ramazani mwenyewe hakuwa na kinyongo. "Mama Neema," aliniambia mara moja, "mimi nasali, nafunga, nafanya kazi yangu. Mzee anataka nibebe na Mgiriki juu yake." Alitikisa kichwa. "Lakini hakuna mtu aliyewahi kunitaka nijue kitu kwa nguvu namna ile."

Mwalimu alistaafu. Kisukari kikamshika, miguu ikaanza kumsumbua, na Furaha akamwondoa Fisksätra akamleta Sundbyberg, nyumbani kwake na Ramazani, kwenye chumba chenye dirisha la jua. Alifariki majira ya baridi, na kanisani Pasta aliongea juu yake bila kumtaja Kadhi hata mara moja, kisha akaja kukaa karibu nami akisema amejilazimisha kutomtaja, lakini moyoni imemshinda. Lakini mara ya mwisho niliyomwona akiwa na akili zake zote na sauti yake ilikuwa kiangazi kabla ya hapo, mwaka ambao Ramadhani iliangukia siku ndefu za Uswidi, jua linapokawia juu ya mapaa kana kwamba limesahau njia ya nyumbani.

Nilifika jioni, bado mwanga mkali. Furaha alinifungulia akiwa amekasirika. "Nenda ukaongee naye. Dawa amekunywa na kipande cha mkate. Chakula chake kimefunikwa tangu saa kumi na mbili, hagusi. Siku ya nne hii. Akiulizwa anasema hana njaa."

Alikuwa kwenye baraza la ghorofani, shali mabegani, sahani iliyofunikwa mbele yake.

"Shikamoo Mwalimu. Unafunga?"

"Marahaba. Mimi? Mimi ni Mkatoliki."

"Sasa mbona huli?"

Akatazama barabarani.

Niliketi. Nikataka kumpa kitu cha kumfurahisha, swali, kwa kuwa swali ndilo zawadi aliyoipenda kuliko zote. Nikamwuliza: jua likikataa kuzama namna hii, mtu anafungaje? Kadhi alikuwa hakimu, alijua sheria, alijua na nyota. Angesemaje?

Niliona uso wake ukichangamka. Aliinua kidole kama zamani, akavuta pumzi, na nikajua sasa tutakaa hapo mpaka giza. Kisha kidole kikashuka.

"Kadhi hakuishi Uswidi," akasema. "Muulize Ramazani. Yeye njo anafunga."

Ramazani alikuwa amerudi kutoka kazini mapema siku hiyo. Alikuja barazani na vumbi la chokaa mikononi, midomo imemkauka, akachuchumaa karibu na kiti cha mzee. Akanieleza kwamba watu hawakubaliani: wapo wanaofuata saa za Makka, wapo wanaofuata mji mwingine ulio karibu ambako siku ni fupi zaidi. Yeye anafuata jua la hapa, kwa kuwa ndipo anapoishi. Aliongea polepole, kwa maneno mepesi. Mwalimu alimsikiliza akiwa amekinga sikio kwa kiganja, kichwa kimeinama, kama sisi tulivyomsikiliza yeye Jumamosi zile.

"Na mugonjwa?" Mwalimu akauliza.

"Mgonjwa hafungi, mzee. Mgonjwa anakula."

"Na kama mugonjwa anaona haya kula mbele ya mwenye njaa?"

Ramazani akageuka, akaitazama ile sahani. Akamtazama Furaha mlangoni, naye akaitikia kwa kichwa kumwambia ndiyo, ni hivyo, siku zote hizi. Kijana akaenda kunawa mikono, akarudi na kiti, akakiweka karibu kabisa na kile cha mzee, akaifunua sahani.

"Mzee, kula. Mimi nitakaa hapa na wewe."

Mwalimu akala. Alikula kidogokidogo, kila tonge akimtazama mkwewe kama anayeomba radhi, na Ramazani, ambaye tangu alfajiri hakuwa ameonja hata maji, akawa anamvunjia ugali vipande vidogo, anavichovya kwenye sombe, na kumsogezea.